Mpiga Ngoma

Msomaji mpenzi, watu wengi humsifu mwimbaji kwa sauti yake na mpiga gitaa kwa vidole vyake, lakini mpiga ngoma humsahau. Humdhania kuwa ni mtu apigaye tu, kana kwamba kupiga ni kazi ya misuli isiyohitaji akili wala elimu. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo, na kwa ajili yake nilitenda jambo ambalo hata leo nikilikumbuka huona haya. Katika insha hii nataka kukusimulia maisha ya mpiga ngoma mmoja mashuhuri wa jazi ya Kilatini, Ramón Santamaría wa Kuba, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Mongo. Walakini siwezi kukusimulia habari zake pasipo kuanza na zangu, maana ni yeye aliyenirudisha nyumbani kwa babu yangu, ingawa hatukupata kuonana.

Nililelewa Kitale, mji wa mahindi, uliofikiwa na tawi la reli mwaka 1926. Baba yangu alikuwa karani huko. Kila likizo nilipelekwa Bungoma kwa babu. Gari lilipita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na Mlima Elgon, ambao wazee wetu huuita Masaba, ulitusindikiza upande wa kulia. Nilipoteremka nilimkuta babu ameketi chini ya mwembe, na karibu naye ngoma yake, ambayo sisi Wabukusu huiita efumbo. Babu hakuwa tajiri wala hakujua kusoma, lakini palipokuwa na arusi, au mavuno, au mchezo wa kamabeka ambao wachezaji hutikisa mabega, hapakuwa na furaha mpaka afike. Mpiga litungu aliweza kukosa waya mmoja, na mwimbaji aliweza kusahau ubeti, na mchezo ukaendelea. Ngoma ya babu iliponyamaza, kila mtu alisimama.

Mwaka niliotahiriwa, babu ndiye aliyenifundisha kugonga chinyimba. Pengine wewe msomaji si mtu wa kwetu, basi nitakueleza. Mwezi wa Agosti, katika miaka igawanyikayo kwa mbili, vijana wa Kibukusu huingia jandoni. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, naye huwa ameshika njuga za chuma, ambazo ndizo chinyimba, akizigonga juu ya bangili za chuma alizovaa mikononi. Huenda mwendo mrefu akicheza na kugonga, na waimbaji humfuata nyuma. Siku ya kwanza niligonga kwa nguvu zangu zote, nikidhani nguvu ndiyo ustadi. Babu alinisimamisha akasema, “Usizisikilize njuga zako, mjukuu wangu. Sikiliza miguu ya hao wanaokufuata.” Sikuelewa maana ya maneno hayo. Nilitii tu kwa sababu yalitoka kwake.

Baadaye niliingia shule ya sekondari. Huko nilikutana na wenzangu waliotoka miji mikubwa, nao walisema kwamba ngoma ni kazi ya watu walioshindwa na vitabu. Hawakunitukana mimi, kwa kuwa hawakujua ninavyotoka nyumbani. Mwalimu wetu alipotangaza kwamba shule itapeleka kundi la kamabeka katika tamasha la muziki, aliuliza ni nani ajuaye kupiga efumbo. Mikono yangu ilikuwa juu ya dawati. Niliitazama, nikaiacha pale pale. Akachaguliwa kijana mwingine, ambaye alijua kidogo kuliko mimi.

Babu alipata habari kwamba shule yangu itacheza kamabeka. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi simo, na kwa hiyo alipanda basi asubuhi na mapema kutoka Bungoma hadi Kitale, amevaa koti lake la sikukuu na kofia. Nilikuwa nimeketi pamoja na watazamaji nilipomwona amesimama karibu na jukwaa. Aliwatazama wapiga ngoma mmoja baada ya mmoja, akarudia tena. Kisha akageuka, akaniona. Mchezo ulipokwisha alinijia akaniuliza, “Je, umeumia mikono?” Nikamjibu, “Hapana, Kuka. Nina masomo mengi.” Akasema, “Vema,” akatia mikono yake katika mifuko ya koti. Hatukusema neno jingine juu ya jambo hilo kwa muda wa miaka mingi, na katika likizo zilizofuata hakunipa tena ngoma yake niishike.

Sasa nitakueleza jinsi nilivyokutana na Mongo Santamaría. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi yangu Kitale, na jioni moja nilipeleka redio yangu kwa fundi. Fundi yule alipenda santuri za zamani, naye alikuwa akichezesha moja alipokuwa akifanya kazi. Nilisikia ngoma ikianza, kisha nyingine ikiijibu, na nywele zilinisimama. Nikamwuliza, “Ngoma hii ni ya kijiji gani?” Fundi akacheka. “Si ya kijiji cha huku,” akasema. “Hii ni ya Kuba.” Nikamwomba airudie. Aliirudia mara tatu, na ile redio yangu niliisahau kwake nikaenda zangu nyumbani. Tangu siku ile nilianza kutafuta habari za mtu yule, na hizi ndizo nilizozipata.

Mongo alizaliwa Havana, mji mkuu wa Kuba, tarehe 7 Aprili 1917, katika mtaa wa Jesús María, uliokaliwa na maskini wengi wenye asili ya Afrika. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika kisiwa kile mwaka 1886, miaka 31 tu kabla hajazaliwa, na wazee waliozaliwa utumwani walikuwa bado hai. Katika watumwa waliopelekwa Kuba walikuwamo watu wengi wa Kongo, ambao lugha yao ni jamaa ya lugha zetu za Kibantu. Walinyang’anywa kila kitu, lakini hawakunyang’anywa walichokuwa nacho vichwani na mikononi. Hata neno lenyewe “ngoma” lilivuka bahari pamoja nao, na huko Kuba limeendelea kuwa jina la ngoma zao hadi leo. Wataalamu wengi huiona konga, ile ngoma ndefu ipigwayo kwa viganja, kuwa ni mzao wa ngoma zile za Kongo.

Usidhani kwamba ngoma hizo ziliheshimiwa huko. Wakubwa wa Havana waliziita ushenzi. Kwa miaka mingi vikundi vya mitaani vilivyocheza ngoma wakati wa sikukuu vilipigwa marufuku, na havikuruhusiwa tena mpaka mwaka 1937. Mongo mwenyewe alianza kwa kujifunza fidla, chombo cha heshima, lakini moyo wake ulikuwa katika ngoma alizozisikia mtaani, naye akaiacha fidla. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Nilidhani kwamba aibu yangu ilizaliwa katika shule yangu peke yake, kumbe ilikuwa imeenea duniani, na kuna watu walioikataa.

Aliacha shule ili apige ngoma, na jambo hilo sikuagizi wewe ulifuate. Zingatia badala yake yaliyofuata. Ngoma haikumlisha. Mchana Mongo alikuwa mpeleka barua wa posta, akizunguka mitaa ya Havana na mfuko begani. Usiku alivaa nguo safi akapiga ngoma katika bendi, na hata katika Tropicana, nyumba kubwa ya starehe ya mji ule. Hakuidharau kazi ya mchana kwa sababu ya ile ya usiku, wala hakuiacha ya usiku kwa sababu ya uchovu wa mchana.

Wakati ule huko Marekani lilikuwa linazaliwa jambo jipya. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alitaka kuoa jazi ya watu weusi wa Marekani na ngoma za Kuba. Mwaka 1947 alimchukua mpiga konga wa Havana, Chano Pozo, na tarehe 29 Septemba mwaka huo walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie mjini New York. Chano hakujua Kiingereza isipokuwa kidogo sana, na Dizzy hakujua Kihispania. Walielewana kwa mapigo. Muziki uliotokana na ndoa hiyo ndio uitwao jazi ya Kilatini. Mwezi wa Desemba 1948 Chano aliuawa kwa risasi mjini New York, akiwa bado kijana wa miaka 33. Lakini kabla ya hapo, aliposhindwa kwenda Meksiko na bendi moja, alikuwa amempendekeza Mongo aende mahali pake. Safari ile ndiyo iliyomfungulia Mongo mlango wa dunia. Mwaka 1950 alihamia New York, akaingia katika bendi ya Tito Puente, na mwaka 1957 akajiunga na bendi ya Cal Tjader.

Mwaka 1959 Mongo alitunga muziki ule niliousikia kwa fundi wa redio, uitwao “Afro Blue”. Wapigaji wengi wakubwa wa jazi waliuchukua, mmojawapo John Coltrane, aliyeupiga mwaka 1963. Je, ni kitu gani ndani yake kilichonifanya nidhani ni ngoma ya nyumbani? Si lazima uniamini mimi. Weka mikono yako juu ya dawati ulipoketi, nawe utakijua.

Hesabu polepole moja mpaka sita, ukirudia bila ya kusimama. Mkono wa kulia upige katika moja, tatu na tano. Mkono wa kushoto upige katika moja na nne. Maana yake ni kwamba katika muda ule ule mkono mmoja unapiga mara tatu na mwingine mara mbili, na mikono yote miwili inakutana katika moja. Mwanzoni mkono mmoja utamfuata mwenzake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Usikate tamaa. Endelea mpaka kila mkono uende njia yake, na yote miwili iwahi kufika nyumbani kwa wakati mmoja. Ukiweza hivyo, umeshika msingi wa ngoma nyingi za Afrika, na ndio msingi ambao Mongo aliujengea muziki wake. Kwetu watu huweza kucheza kwa hesabu ya mbili na kuimba kwa hesabu ya tatu, wala hakuna aliyewafundisha ubaoni.

Sasa nilielewa neno la babu. Apigaye kwa nguvu akijisikiliza mwenyewe hawezi kushika mbili na tatu kwa pamoja. Ni sharti asikilize mwenzake na yeye mwenyewe kwa wakati mmoja. Babu aliniambia nisikilize miguu ya wanaonifuata, na hiyo ndiyo elimu ile ile, ila yeye aliitoa chini ya mwembe.

Kadhalika nilijua kwamba muziki wa Kuba ulikuwa umeturudia zamani, kabla sijazaliwa. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika santuri za nyimbo za Kuba. Watu wa Kongo walizipenda mno, kwa maana walisikia ndani yake sauti ya jamaa aliyepotea, wakaanza kuziiga kwa magitaa. Wapiga gitaa wa Kongo nao wakafika Nairobi, na santuri zao zikafika kila mji uliokuwa na duka. Kwetu magharibi mwa Kenya walikuwako wapiga gitaa kama George Mukabi, na baadaye kikundi cha Abana ba Nasery, ambao walitumia chupa tupu ya Fanta kushikia mapigo. Nani angesema kwamba chupa ya soda ni chombo cha muziki? Lakini ukiisikiliza vizuri utajua kwamba aliyeishika alikuwa mtu wa elimu.

Nirudi kwa Mongo. Mwishoni mwa mwaka 1962 alikuwa na bendi yake mwenyewe, na usiku mmoja ilikuwa ikipiga katika mtaa wa Bronx mjini New York. Watazamaji walikuwa wachache sana. Mpiga piano hakuwapo, na kijana aitwaye Herbie Hancock alikuja kushika nafasi yake. Wakati wa mapumziko kijana yule alipiga wimbo wake uitwao “Watermelon Man”, na Mongo, badala ya kupumzika, alisikiliza. Akasogea kwenye konga zake, akaingia taratibu. Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Wale watazamaji wachache wakainuka wakacheza. Mongo aliomba ruhusa ya kuurekodi wimbo ule, na mwaka 1963 ukapanda hadi nafasi ya kumi katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani.

Watu huita jambo kama hilo bahati. Mimi naona kwamba bahati ilipita katika ukumbi ule usiokuwa na watu, na ikamkuta mtu anayesikiliza. Kama Mongo angeudharau ukumbi mtupu, au kumdharau kijana aliyekuja kwa siku moja, bahati ingepita kimya. Aliendelea hivyo maisha yake yote, akawaita kundini mwake vijana wengi waliokuja kuwa mashuhuri, na mwaka 1978 alipewa tuzo ya Grammy kwa santuri yake iitwayo “Dawn”. Alifariki Miami tarehe 1 Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 85.

Baada ya kuyajua hayo, nilipanda gari kwenda Bungoma. Babu alikuwa amezeeka sana. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na efumbo ilikuwa imetundikwa ukutani na vumbi juu yake. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya tamasha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini yalitoka machache, na hayo machache nayo yalikwama. Babu alinitazama, akanionyesha ukuta kwa fimbo yake. “Iteremshe,” akasema.

Nikaiteremsha, nikaifuta, nikaianika juani ili ngozi ikaze. Babu hakuweza tena kupiga kwa viganja. Alishika fimbo yake akapiga ardhi, mbili, mbili, na mimi nikapiga tatu juu ya ngoma. Mara nilianza kwenda mbio. Akasimama akaniuliza, “Unakwenda wapi? Mimi niko hapa.” Tukaanza tena. Nilimsimulia habari za Mongo, jinsi alivyopeleka barua mchana na kupiga ngoma usiku. Babu alicheka mpaka akakohoa. “Basi huyo hakubadili kazi,” akasema. “Mchana alipeleka barua, na usiku alipeleka barua.”

Nilirudi kwake kila mwisho wa juma niliopata nafasi. Tulipata mwaka mmoja na miezi michache. Nilijifunza mapigo ya kamabeka na ya mavuno, na mengine ambayo jina lake alilijua yeye peke yake. Kisha akafariki, na mapigo mengi ambayo sikuwahi kuyauliza alikwenda nayo.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya wapiga ngoma hawa wawili. Mongo aliacha santuri nyingi, na wewe ukitaka unaweza kumsikia leo. Babu yangu hakuacha santuri hata moja. Yaliyobaki ya kazi yake yamo katika mikono yangu, na ni machache kuliko yale ambayo yangekuwamo, kama mkono wangu ungeinuka siku ile alipouliza mwalimu.

Msomaji mpenzi, sikuandika haya ili nawe uwe mpiga ngoma. Labda moyo wako umo katika hesabu, au udaktari, au ualimu, na hayo ni mema. Lakini nyumbani kwenu yuko mtu ajuaye jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule. Labda ni bibi ajuaye dawa za majani, au mjomba ajuaye kusuka mitego ya samaki, au jirani ajuaye majina ya nyota. Likizo ijayo, keti karibu naye umwulize. Akikuambia jambo usilolielewa, lishike hivyo hivyo mpaka siku utakapolielewa. Na siku mwalimu wako atakapouliza darasani ni nani ajuaye kitu hicho, inua mkono.